Fundi Rangi Ambaye Sikumuuliza Ukoo

Kitendawili: bibi yangu kila mwaka huvaa nguo mpya juu ya ile ya zamani, wala hanenepi. Wajukuu zangu wa mjini hawajawahi kukitegua. Watakiteguaje, na wao wamekulia katika nyumba ya saruji iliyopakwa rangi mara moja, basi? Jibu ni ukuta wa nyumba kama hii yangu, ya mawe na udongo, aliyoijenga baba mkwe wangu juu ya mgongo wa kilima cha Bhirkuna. Niliingia humu nikiwa bibi harusi wa miaka kumi na sita. Tangu mwaka ule, kila ilipokaribia sikukuu ya Dashain, sisi wanawake wa nyumba tulichimba udongo mwekundu bondeni na mweupe kule kwenye poromoko, tukaukoroga kwenye ndoo, tukaupaka kwa viganja, mwekundu chini, mweupe juu. Hakuna aliyemwita fundi. Nyumba yenye wakwe iliyoita fundi wa kupaka ilichekwa kisimani mwaka mzima.

Sasa magoti yangu yamekataa kubeba udongo kutoka bondeni. Mkwe wangu, Sarmila, yuko Kathmandu na mwanangu Kedar na watoto wawili. Miaka sita walikuwa hawajapanda huku kuchukua tika. Tika ndiyo Dashain yenyewe: siku ya kumi mkubwa wa nyumba anachanganya mchele na mtindi na rangi nyekundu, anawabandika wadogo kwenye paji la uso, anawachomeka majani machanga ya shayiri sikioni na kuwatamkia baraka. Mkubwa asiyepata mtu wa kumbandika ni nini? Ni mti uliobaki na mizizi tu.

Kila mwaka Kedar alikuwa na neno. "Mama, nyumba inadondosha vumbi, mtoto anakohoa." Mwaka huu alisema kwenye simu, "Itengeneze nyumba, mama, nasi tutapanda." Labda alisema tu ili akate simu. Mimi neno lile nililing'ang'ania kama kupe.

Nikauza mbuzi mmoja, nikateremka sokoni kwenye duka la rangi. Mwenye duka akanuna.

"Mama, umechelewa. Mafundi wote wameshashikwa hadi sikukuu ipite. Amebaki Padamlal peke yake. Kazi anaijua kuliko wote, lakini..."

"Lakini nini?"

Akajikuna shingo. "Muulize mwenyewe."

Nimeishi milima hii miaka sabini na mmoja. Najua "lakini" ya namna ile inaficha nini. Kwetu mgeni hajakaa kitako ameshaulizwa ukoo wake, na jibu lake ndilo linalosema kama atapita ndani au ataishia barazani. Zipo koo ambazo maji yao hatuyanywi, za wahunzi na washona viatu. Serikali imekataza siku nyingi, lakini serikali hailali jikoni kwetu. Nilijua hayo yote nikiwa nimesimama pale kati ya makopo ya rangi. Nikasema, "Mwambie aje kesho." Na nikaapa moyoni kwamba sitamuuliza. Usichouliza hukijui, na usichokijua si kosa lako. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya.

Padamlal akaja asubuhi na ngazi ya mianzi begani, mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, vidole vimeliwa na chokaa. Kabla ya kutua mzigo alikwenda ukutani, akaugonga kwa kifundo, akaweka shavu lake pale kama anayesikiliza mtoto tumboni.

"Huyu mzee bado mzima," akasema. "Hilo kopo la nani?"

"Langu. Rangi ya plastiki. Nataka nyumba ing'ae kama ya mjini."

"Lirudishe dukani, mama."

"Kha! Nimekuita upake au unifundishe?"

"Ukuta wa udongo unapumua. Ukiuvalisha nailoni utatokwa na jasho ndani kwa ndani. Utang'aa hadi mvua zije, kisha utamenyeka kama kiazi cha kuchemsha, na udongo utaondoka nayo. Chokaa ndiyo dawa yake. Nipe siku tatu niiivishe."

Nilitaka kumfukuza, lakini nikamwachia. Akachimba shimo, akatia chokaa ya mawe na maji, ikachemka yenyewe kama uji. Kila siku aliomba maji ya wali niliyoyachuja, akayamimina humo na chumvi kiganja kimoja ili chokaa ishike mkono na isichafue nguo za watu. Wakati chokaa ikiiva alikwangua kuta, akaziba nyufa kwa udongo na makapi ya mpunga. Nami nilikaa barazani nachambua dengu, tukategeana.

"Kitendawili!" nikamwambia siku ya pili.

"Tega."

"Huenda mkavu, hurudi amelewa."

Akacheka juu ya ngazi. "Mama, huyu namshika mkononi. Brashi! Haya na wewe: ndugu wanne wanatazamana maisha yote, hawajawahi kupeana mkono."

Nikafikiri mpaka dengu zikamwagika. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua Kathmandu, kamchukue na mwanangu aliye huko umlete."

"Ni kuta za chumba," akasema. Kisha akakwangua kidogo. "Mwanao anakuja lini?"

"Siku ya tika. Ukimaliza vizuri, atakuja."

"Basi nitamaliza vizuri."

Nilikuwa na mambo niliyoyaona nikayapa mgongo. Chakula changu alikipokea kule mwisho wa baraza. Alipomaliza alikimbilia sahani, akaisugua kwa majivu mwenyewe, akaianika ukutani kabla sijanyoosha mkono. Mgeni wa ukoo wetu hawezi kusugua sahani aliyolia hata umshikie fimbo; wanaosugua ni wale wa koo zile. Nami nikasema moyoni: ana adabu tu, kijana wa watu.

Siku ya tatu chokaa ikaiva. Akasimama mlangoni na ndoo, hajakanyaga kizingiti.

"Mama, hujaniuliza ukoo wangu."

"Brashi ina ukoo?"

"Brashi haina. Mkono unaoishika unao."

"Paka ukuta, mwanangu. Jikoni ndiko kuchafu zaidi, anza huko."

Hakusogea. "Nataka tu ujue kwamba nilitaka kusema."

"Nimesikia," nikamwambia. "Chokaa itakauka."

Akainama, akaingia.

Nimeona kuta zikipakwa zaidi ya mara hamsini, mikono yangu ikiwemo, lakini sijaona kazi kama ile. Tabaka la kwanza lilikuwa kama maziwa yaliyotiwa maji, nikadhani nimeibiwa. Akasema subiri. Lilipokauka likaja la pili, likaja la tatu, na moshi wa miaka sitini ukatoweka jikoni mwangu. Chumba cha ibada alikipaka akiwa peku na kitambaa mdomoni ili pumzi yake isifike kwenye sanamu. Nje alitia unga wa buluu kidogo kwenye chokaa, nyumba ikawa rangi ya anga la asubuhi. Siku mvua ilipompiga nilimwita jikoni, nikamkalisha karibu na moto, nikampakulia wali. Alikula ameinamisha kichwa kama mwizi. Nilimwona, nikamwongezea dengu.

Ikafika siku ya kwanza ya Dashain, siku ya kupanda shayiri katika chumba cha ibada. Kazi hiyo kwetu hufanywa na wanaume, na tangu mume wangu afariki anayeifanya ni mdogo wake, Dambar. Padamlal alikuwa amebakiza fremu za madirisha ya mbele. Ujira wake nilikuwa nimempa alfajiri, hilo sikumdhulumu.

Dambar akapanda njia na kikapu cha mchanga na shayiri, nyuma yake wanawe wawili. Akasimama uani, mdomo wazi.

"Shemeji! Nyumba imekuwa bibi harusi! Utaolewa tena?"

"Nani atanioa mimi? Labda daktari wa magoti."

"Fundi wa wapi huyu?" Akasogea chini ya ngazi, akaweka mkono juu ya macho. Nikaona mgongo wake ukinyooka. "Wewe. Teremka. Si mtoto wa Bire wewe, mhunzi wa kule Khani? Baba yako ndiye aliyenifulia mundu."

Padamlal akateremka, akaunganisha viganja. "Ndiye mimi, mzee."

"Umeingia humo ndani?"

"Nimepaka nyumba nzima, mzee. Ndani na nje."

"Jikoni?"

"Na jikoni."

"Chumba cha miungu?"

Padamlal aligeuza kichwa. Aliniangalia mimi.

Dambar akainua kikapu chake kilichokuwa kimegusa ukuta, akakipeleka mbali, kama mtu anayeondoa mtoto kwenye moto. "Shayiri hii haipandwi humu. Itapandwa kwangu. Na tika itatolewa kwangu, mwaka huu na yote inayokuja. Kedar akipanda atapanda kwangu. Wewe shemeji, ukitaka, utakuja kukaa barazani."

Juu ya uzio kichwa cha jirani yangu Bishnumaya kilikuwa kimeshachomoza. "Ndiyo maana nyumba iling'aa haraka! Nami najiuliza, bibi huyu kapata wapi fundi wakati wa sikukuu?"

"Nyamaza, Bishnu," Dambar akamwambia. Kisha akanigeukia, na sauti yake ikashuka, ikawa karibu ya huruma, maana mtu yule si katili, ni mtu wa kawaida tu, na hilo ndilo baya. "Shemeji, neno moja. Ulijua, au hukujua? Kama hukujua, ni kosa lake. Tutaitakasa nyumba: tutanyunyiza maji ya dhahabu, utasugua jikoni kwa samadi, tutapanda shayiri hapa hapa. Kama ulijua, basi."

Watu wote wakanitazama. Nilimfikiria Kedar akipita mlangoni mwangu bila kuingia, anakwenda kwa baba yake mdogo, watoto wake wananyoosha mapaji ya uso kwa mkono usio wangu. Miaka sita nilingoja.

"Sikujua," nikasema. "Alinificha."

Padamlal hakupiga kelele. "Nilikuficha, mama?" akauliza mara moja, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia.

"Ungesema," nikamjibu, nikitazama miguu yangu.

Vijana wa Dambar wakaipiga teke ndoo ya chokaa, ikabingirika chini ya kilima ikichora mstari mweupe kwenye majani. Mmoja akaangusha ngazi.

"Shukuru hatukuvunji mkono," akasema. "Kuingia nyumba za watu kwa siri!"

"Sheria ipo, kaka," Padamlal akasema, akiokota ngazi yake. "Lakini imekaa kule chini barabarani. Haijapata nauli ya kupanda huku."

Hata Bishnumaya alicheka, akaziba mdomo. Padamlal akasuuza brashi yake pole pole, kama siku nyingine yoyote, akaikung'uta, akaifunga kwenye kitambaa. Hakunitazama tena.

Nikavua hereni yangu ya dhahabu, nikaichovya kwenye bakuli la maji, Dambar akanyunyiza vyumba vyote akisoma maneno yake. Kisha nikakoroga samadi ya ng'ombe na udongo, nikapiga magoti jikoni, nikaupaka juu ya weupe ule, sakafu na kuta mpaka usawa wa kifua changu. Chokaa ilikuwa bado changa. Ilinichoma viganja, ngozi ikatoka. Shayiri ikapandwa kwangu.

Habari za milimani hazina miguu lakini hutangulia mtu. Kabla ya siku ya tano nilisikia kwamba nyumba tatu za ng'ambo zilizokuwa zimempa Padamlal kazi ya baada ya sikukuu zimemkatalia. Hawakusema kwa sababu ni mhunzi, maana hilo lina kesi. Walisema kwa sababu anaficha. Neno langu lile.

Siku ya kumi Kedar akaja. Alikuja kweli! Gari lilimshusha chini ya kilima, akapanda na mkewe na watoto, wanahema kama mbwa. Nikawakalisha mstari mmoja katika chumba cha ibada, nikawabandika tika, nikawachomeka majani ya shayiri, nikawatamkia baraka zote ninazozijua. Msichana mdogo alicheka mchele ulipomdondokea puani. Nilikuwa nimekipata nilichokitaka, chote.

Tukakaa kula mbuzi. Dambar naye alikuwepo. Kedar akazungusha macho.

"Mama, nani kapaka? Kazi safi hii. Nipe namba yake. Lakini jikoni mbona mmepaka samadi juu ya chokaa mpya?"

Dambar akaeleza, kwa fahari, jinsi alivyomnasa. Aliiga na sauti ya Padamlal. Kedar akamsikiliza akitafuna, kisha akacheka, kicheko cha kawaida tu.

"Baba mdogo, nyumba ninayopanga mimi mwenyewe ni ya mtu wa ukoo huo. Mkewe hutuletea achari kila Jumamosi. Hii unayokula sasa na wali, Sarmila kaileta, ni yake."

Nilisubiri Dambar ateme, ainuke, apindue sahani. Dambar aliangalia ile achari ya figili kwenye ukingo wa sahani yake. Akafuta masharubu.

"Mjini ni mjini," akasema, akaendelea kula.

Basi. Kwa ajili ya hayo nilimuuza mtu.

Baadaye nilimvuta Kedar uani. "Kama tika ingekuwa kwa baba yako mdogo, ungekuja kwangu?"

"Ningeanza kwako, kisha ningepita kwake. Kwani vipi?"

"Na kama ningesema nilijua? Kwamba nilijua ni mhunzi nikamwingiza?"

Alikuwa anatafuta mtandao kwenye simu, ameiinua juu kama mshumaa. "Ungesema tu, mama. Nani angekufanya nini? Angenuna mwezi mmoja, kisha angekuja kukukopa ng'ombe wa kulimia."

Alasiri waliondoka. Mtoto alikuwa ameanza kukohoa. Sarmila alisema ni harufu ya samadi.

Kwetu tika hutolewa mpaka mwezi mpevu. Wadogo ndio wanaotembea kuwafuata wakubwa, na sijawahi kusikia mkubwa akibeba tika kumpelekea mdogo. Siku ya tatu baada ya ile ya tika niliweka mchele mwekundu kwenye bakuli, nikafunga majani ya shayiri kitambaani, nikashika fimbo, nikateremka Khani. Saa mbili na nusu kwa magoti haya.

Nilidhani nitamkuta anapaka nyumba ya mtu. Nilimkuta chini ya paa la bati, mbele ya moto wa baba yake, anafua mundu. Mtu wa chokaa alikuwa mweusi hadi nyusi. Katikati ya masizi yale, kwenye paji lake, tika nyekundu ilikuwa imekauka, kubwa, ya mkono wa mama.

Akaweka nyundo. "Mama. Umeteremka na magoti hayo?" Akamwita mkewe alete mkeka. Adabu ile ile. Afadhali angenitukana.

"Nimekuletea tika."

"Nimeshapewa."

"Tika moja haijazi paji. Mtu hupokea za wakubwa kumi."

"Ni kweli." Alifuta mikono, lakini hakuinamisha kichwa. "Ila tika huanza na baraka, mama, na baraka hutoka mdomoni. Mdomo wako nilishausikia."

Nilikaa na bakuli langu mapajani. Mkewe alikuwa anapepeta mahindi, hakuacha.

"Nitawaambia," nikasema. "Nitawaambia wote kwamba ulitaka kusema, nami nilikuzuia. Nimekuja kukuambia hilo."

Akachochea moto. "Kwa hilo hukuhitaji kuteremka. Wa kuambiwa wako huko huko juu."

Akachukua koleo, akarudisha mundu motoni.

Jua lilikuwa limenikausha koo. Nikamwomba mkewe maji. Nilijua ninaomba nini. Tangu kuzaliwa sijawahi. Alinijazia kikombe cha bati, nikakishika kwa mikono miwili, nikanywa yote mpaka tone la mwisho. Nilidhani kitu kitatokea, nyundo itanyamaza walau. Niliposhusha kikombe, Padamlal alikuwa anapiga chuma, na mkewe anafukuza kuku kwenye mahindi. Hakuna aliyekuwa ananitazama.

Nikapanda mlima pole pole, nikiyapanga maneno. Nitaanza kwa Dambar, nitamwambia hivi na hivi. Hapana, nitaanza kwa Bishnumaya, maana akijua yeye vijiji vitatu vimejua. Nilipofika kwenye uzio alikuwepo, mkono kiunoni.

"Dada, umetoka wapi na vumbi hilo mpaka kichwani?"

Nikafungua mdomo.

"Sokoni," nikasema.

"Kufuata nini?"

"Chumvi."

"Mbona mikono mitupu?"

"Duka lilikuwa limefungwa," nikamwambia, nikaingia ndani.